Mtoto Wangu Anaacha Nafasi Kwenye Picha

Mpendwa Bi Verna,

Sijui kama jambo hili ni la kukuletea wewe au la kumpelekea mchungaji, ila mchungaji wetu ni binamu ya mume wangu, nikimwambia leo kesho ukoo mzima uko jikoni kwangu na masufuria ya chakula, kwa hiyo naomba msaada wako wewe usiyenijua, na ninakuandikia mchana huu mwanangu akiwa amelala, maana akiwa macho siwezi kukaa naye chumba kimoja nikaandika, na hapo ndipo ilipo aibu yangu, Bi Verna, namwogopa mtoto wangu wa kumzaa.

Mume wangu Eero anaendesha lori la magogo, tunakaa juu kidogo ya ziwa, na tuna mvulana mmoja, Otto, anayekaribia miaka mitatu. Nina mimba ya miezi minane. Tangu theluji ilipoyeyuka nilishaweka nafasi kwa mpiga picha, dada mmoja anaitwa Brynn, maana unawajua wapiga picha wa huku, majani ya miti yakishageuka rangi kila mwenye tumbo na kila mwenye mchumba anautaka ufukwe uleule kwa wiki zilezile, ukichelewa utapigwa picha ukiwa na koti la baridi na pua nyekundu. Nilitaka picha moja tu ya maana, mimi, Otto na tumbo, kabla nyumba haijajaa kelele.

Brynn alinipigia kunieleza jinsi ya kumwandaa mtoto. Nisimvalishe nguo yenye maandishi, nihakikishe amelala mchana na amekula, nisimwahidi zawadi mapema akaichoka kabla ya siku yenyewe, na zaidi ya yote tufanye mazoezi nyumbani kama mchezo, simu kwenye stendi yake, utepe wa bluu wa mafundi rangi ubandikwe sakafuni kwa alama ya msalaba ili Otto ajue pa kusimama. Mapozi ni mawili, kunikumbatia, na kuweka sikio tumboni kumsikiliza mtoto. "Usimwambie apozi, dada," alisema, "mtoto wa umri huo hapozi. Mpe kazi. Mwambie amsikilize mtoto, atamsikiliza." Akifanya vizuri apewe peremende moja, zile laini za umbo la dubu.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri, Otto alikuwa anakimbilia alama yake akicheka, anafanya kazi yake, anakula dubu wake, tunafunga. Kisha akaanza kusimama pembeni ya alama. Namrudisha, anasogea tena. Nikadhani ni utundu. Lakini nilipokaa na kuzipitia zile picha za mazoezi nikaona kwamba hasogei ovyo, Bi Verna, anasogea upana uleule kila siku, na mkono wake wa upande wangu ameuinua na kuukunja juu kidogo ya kichwa chake, namna unavyomwekea mkono kichwani mtu aliyekuzidi kimo. Ila pale hapakuwa na mtu, palikuwa na ukuta wetu na kalenda.

Nikamuuliza kwa nini hasimami kwenye alama yake. Akanijibu bila kunitazama kwamba ile si yake tena, kisha akabandua utepe mwingine, akaubandika sakafuni karibu zaidi na mimi, akaukanyaga vizuri ushike. Akaomba peremende mbili. Moja akala, ya pili akaiweka kwenye ile alama mpya. Nilikwenda kuzima jiko, niliporudi haikuwepo.

Sasa lazima nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote hapa mjini, ingawa wapo wanaolijua. Kabla ya Otto tulikuwa na msichana. Alifia tumboni mwezi huuhuu wa nane wa mimba, nikamzaa akiwa kimya, Eero akamzika kwenye makaburi ya kanisa nikiwa bado kitandani, na nilipotoka hospitali tukakubaliana, mimi na yeye, na akawaambia na watu wa kwao, kwamba jina lile lisitajwe nyumbani kwetu tena. Hospitali walinipa mwanasesere wa dubu aliyejazwa mpaka akawa na uzito sawa na wa mtoto, nikamtia sandukuni chini ya nyumba na sijamgusa. Hakuna picha yake hata moja ukutani. Otto hajui. Angekuwa hai angekuwa anaelekea miaka mitano, na kimo chake, Bi Verna, kingekuwa pale pale Otto anapoinua mkono.

Wiki iliyopita nilikaa chini sakafuni tayari kwa mazoezi. Otto akaja, akasimama, akanitazama kwa subira kabisa.

"Mama, sogea," akasema. "Unamkalia."

Na mimi nikasogea. Mtu mzima na akili zangu, nilisogea. Halafu nikatazama kioo cha simu ili nisimtazame yeye. Simu yangu ikiona uso wa mtu huuzungushia kimraba cha manjano. Kimoja kilikuwa usoni kwangu, kimoja kwa Otto, na cha tatu kilikuwa katikati yetu, kwenye nafasi tupu, kimetulia, hakitikisiki.

Tangu hapo lile pozi la kusikiliza nalo limeharibika. Mwanzo alikuwa anaweka sikio, anacheka, anasema mtoto anaruka. Siku moja akakaa na sikio lake muda mrefu, akasema, mtoto amelala. Kesho yake akaweka sikio, akainuka, akanigonga tumbo kwa ngumi kama anayegonga mlango, nikamshika mkono, akajinasua akagonga tena kwa nguvu, uso umemwiva, akaniambia, "Yeye anasema tumwamshe." Nikamuuliza nani anasema. Akanyoosha kidole kwenye ile alama. Jana amenigonga mpaka ngozi ikavilia damu, nikampigia kelele kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, naye hakulia kwa kukaripiwa, alilia kwa sababu nilikataa kumwacha aendelee.

Eero anasema ni wivu wa mdogo anayekuja, nisijitie wazimu, Otto apelekwe kwa mama yake mpaka nijifungue. Mama mkwe wangu, Marlys, ndiye anayekaa naye siku ninazofanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Nilipomweleza hakushangaa, Bi Verna, na hilo ndilo lililonitia baridi. Aligeuka akaendelea kukunja mikate yake ya nyama, akasema tu, "Mtoto wa umri huo hajajua kusema uongo, mwanangu."

Nashukuru angalau mtoto wa tumboni hana matata, alikuwa ananipiga mateke sipati usingizi, ila sasa naye ametulia, nadhani anajua mama yake amechoka.

Picha ni keshokutwa. Brynn amenithibitishia, gauni limeshapigwa pasi. Ninachouliza ni hiki, je, nipige picha peke yangu nimwache Otto kwa bibi yake, na akae hukohuko mpaka nijifungue? Naona kama yupo mtu anayeitaka nafasi ya huyu mtoto mpya, na anamtumia mwanangu kuidai. Je, nikimwondoa Otto, na yeye ataondoka? Usinicheke. Jina na namba ya simu nimeandika kwa sababu gazeti linataka, na barua mwenyewe nitaidondosha mlangoni kwenu nikienda dukani, ila tafadhali usinitaje.

Mimi, Mama Mwoga wa Juu ya Ziwa

VERNA ANAJIBU

Wasomaji wangu, barua hii mnaisoma leo, mimi niliisoma wiki tatu zilizopita, nikiwa nimesimama na kikombe cha kahawa mkononi, na kahawa ile sikuimaliza. Sikungoja zamu ya gazeti. Mwandishi amenipa ruhusa ya kueleza kilichotokea, majina tumeyabadilisha yote, na wale mnaojidai kumjua, nyamazeni.

Kwenye barua ile ndefu ya utepe na peremende na vimraba, kuna mistari miwili ambayo mama huyu aliiandika kama mtu anayetaja hali ya hewa. Rudini muitafute. Miaka yote hii nimejibu barua za wanawake wa kanisani wasioelewana na za ndugu wanaogombea boti, na nimejifunza kwamba linalomuua mtu halikai kwenye aya ya kwanza. Nikachukua simu.

Alipopokea nilimwambia mimi ni nani, nikamuuliza mtoto alicheza mara ya mwisho lini. Nilisikia saa ya ukutani kwake.

"Lakini Bi Verna," akasema, "mimi nilikuuliza habari za picha."

"Na mimi nakuuliza habari za mtoto. Alicheza lini?"

"Juzi. Nadhani juzi. Nilidhani amechoka."

"Mtoto wa tumboni hachoki kiasi hicho, mwanangu. Zima jiko uende hospitali, sasa hivi tunavyoongea."

Akaanza kunihesabia sababu. Eero yuko msituni na lori. Brynn anamtegemea kesho. Pengine akilala kidogo kwa ubavu wa kushoto na akinywa maji baridi mtoto ataamka. Nikamjibu kwa maneno ambayo mhariri wangu hayachapi. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Otto yuko mlangoni," alisema. "Amevaa viatu."

Nikamwambia vizuri, hilo limepunguza kazi, amchukue watoke.

"Hajui kuvaa viatu, Bi Verna. Kila siku namvalisha mimi. Na kamba zimefungwa."

Nikamuuliza nani mwingine yumo humo ndani. Akasema hamna mtu, wako wawili tu. Mimi si mtu wa kusisimkwa mwili, nimeosha maiti za shangazi zangu na kisha nikaenda kula, lakini siku ile nilishika meza. Nikamwambia achukue ufunguo wa gari na asizitazame zile kamba mara ya pili.

Alikwenda. Otto alikaa kwenye kiti chake cha nyuma, na mama anasema njia nzima mtoto alikuwa ametulia, hakuuliza kitu, alikuwa anatazama kiti cha pembeni yake. Hospitali walimsikiliza tumbo, muuguzi akatoka chumbani kwa mwendo ambao mama huyu aliwahi kuuona mara moja maishani mwake. Wakampasua saa hiyohiyo. Kamba ya kitovu ilikuwa imejikaza fundo. Mtoto ni wa kike, mdogo sana, bado yuko kwenye chumba cha joto ana mirija, lakini analia, na wauguzi wanasema kwa hasira alizonazo atawazika wote. Daktari alimwambia mama kwamba kesho yake wangekuwa wamechelewa. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya picha.

Sasa, mama Otto, nikugeukie wewe, maana pole nimeshakupa kwenye simu na maua nimeleta hospitali.

Kimraba cha manjano kwenye simu hakinitishi. Simu yangu mimi hulizungushia kimraba birika langu la chai kila asubuhi. Peremende ya pili najua ilikokwenda, nimelea watoto wanne, na ukipata mtu wa umri wa Otto anayeweza kuacha peremende sakafuni mama yake akienda jikoni, nipigie nije nimwone.

Na kile kimo. Nilikuambia umuulize mama mkwe wako, ukaniambia hawezi, hajawahi kulitaja jina lile tangu mlipomkataza. Nikakuambia muulize. Ukamuuliza pale kwenye korido ya hospitali, na umenieleza alivyokaa chini akaanza kulia kabla hujamaliza. Kiangazi chote, siku ulizokuwa kazini, Marlys alikuwa anampeleka Otto makaburini kumwagilia maua. Alimwambia yule ni dada yako. Alimwonyesha kwa mkono, angekuwa amefika hapa. Alimwambia dada yako anatulinda. Alimwambia pia asiseme nyumbani kwa sababu mama ataumia. Na kweli mtoto hakusema. Alifanya alichofundishwa, akamwekea dada yake nafasi kwenye picha ya familia, kwa kuwa kwa hesabu zake familia ina watu hao, na hakuona kwa nini mmoja aachwe.

Najua umemkasirikia Marlys, na una haki ya kukasirika mpaka Krismasi. Kumfundisha mtoto siri ni kosa. Lakini nani alimfundisha yeye? Wewe na Eero mliamua kwa niaba ya wote kwamba mtoto yule hakuwahi kuwepo. Sisi watu wa huku tunajua kunyamaza, tumerithi kwa babu zetu pamoja na shoka na bafu za mvuke, tunakaa kimya mezani tunapitishiana siagi na tunaita huko kuvumilia. Mficha maradhi kilio humfichua. Bibi alikosa mtu mzima wa kulia naye, akalia na mwenye miaka miwili. Na wewe mwenyewe, mtoto alipoacha kucheza tumboni, ulikuwa umeshajizoeza kunyamaza mpaka hukuweza kujiambia hata wewe kwamba unaogopa mambo yaleyale, mwezi uleule. Ukaona afadhali uogope mzimu. Sikulaumu kwa hilo. Mzimu hauhitaji kupelekwa hospitali.

Ila hili nakulaumu. Kila siku ulimkalisha mwanao akaweka sikio tumboni mwako ili picha ipendeze. Wewe ulikuwa unapozi. Yeye alikuwa amepewa kazi, na aliifanya. Alisikiliza, na alikuwa ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayesikiliza. Akakuambia kwa lugha aliyonayo kwamba mtoto amelala, ukadhani anaropoka. Akagonga ili amwamshe, ukamshika mkono. Akalia, ukaniandikia mimi kuniuliza kama umfukuze nyumbani. Angehamishiwa kwa bibi yake kama alivyotaka baba yake, nani angebaki kukuambia?

Kuhusu viatu sina jibu. Nimemuuliza Marlys kama alimfundisha, akasema hajawahi. Nimemuuliza Eero, akasema pengine ulimvalisha mwenyewe ukasahau, na wewe umeniapia hukumvalisha. Umeniambia pia kwamba muuguzi aliyemvua Otto viatu pale hospitali aliuliza nani amefunga fundo zuri hivi, na Otto akamjibu, na wewe ulikuwa unasukumwa kwenda chumba cha upasuaji hukusikia alichojibu. Muuguzi huyo yupo, ukitaka kumuuliza nenda. Mimi nisingeuliza. Si kila mlango uliofunguliwa kwa wema lazima mtu achungulie nyuma yake.

Basi sikiliza utakayofanya. Mama yeyote anayesoma hapa, mtoto akipunguza kucheza tumboni, siku hiyohiyo uende, usilale kwanza, usingoje mume, usimwandikie Verna. Wewe mama Otto, panda na Eero mwende makaburini mchana kweupe, wote, na Marlys, na mlitaje jina kwa sauti. Eero atasema hana muda, mwambie magogo hayaozi kwa saa moja. Mtoe yule dubu sandukuni, uamue mwenyewe akae wapi, ila chini ya nyumba asirudi. Mwambie Otto kwamba siri ile imekwisha na hakufanya kosa kuitunza wala kosa kuivunja. Brynn nimeongea naye, hakudai, anasema atakuja hospitali mtoto akitolewa mirija, na kama ufukwe utakuwa na theluji basi pua zenu ziwe nyekundu.

Na kabla ya hayo yote, leo, ukishamaliza kusoma hapa, Marlys amlete Otto wodini. Kaa chini umfikie usoni. Mwambie, mama alikuogopa, na mama alikosea. Hatakuuliza kwa nini, watoto hawaulizi hilo, huzoea tu kuogopwa wasipoambiwa. Mwambie. Halafu mpeleke kwenye kioo cha chumba cha joto, umnyanyue kama kidonda kitakuruhusu, au mwambie Eero amnyanyue, umwonyeshe yule mdogo anayelia mle ndani, umwambie ni yeye Otto aliyemwamsha.